Likizo ya uzazi yenye malipo kwa anayefanya kazi siku chache kwa wiki

"Wewe unakuja siku tatu tu, likizo ya uzazi ni ya walioajiriwa." Kauli hii huwafikia wasafisha vyumba wa hoteli, wauzaji wa maduka ya dawa, wapishi wa kantini na wengine wengi ambao hawashindi kazini wiki nzima. Huwa inasemwa kwa sauti ya kujiamini kiasi kwamba mjamzito anainamisha kichwa na kwenda kujifungua kwa gharama zake. Kwa Tanzania Bara, kauli hiyo haina mguu wa kusimamia.

Likizo ya uzazi yenye malipo ni muda ambao mfanyakazi anakaa nje ya kazi kwa sababu ya kujifungua huku mwajiri akiendelea kumlipa ujira wake, na nafasi yake ikimsubiri. Imewekwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, Namba 11 ya 2005, kwa hiyo aliye Unguja au Pemba asichukue hesabu za hapa.

Sheria ya Bara haikuweka sharti lolote la saa ngapi kwa wiki. Sharti lililopo ni la muda wa utumishi: aliye chini ya miezi sita kwa mwajiri hana haki ya likizo yenye malipo. Hata hapo kuna milango miwili. Mfanyakazi wa msimu anaipata. Na mtu anayeitwa kazini, anaachwa, kisha anaitwa tena na mwajiri yuleyule, vipindi vyake vya mwaka huo vinajumlishwa. Vikizidi miezi sita, amefuzu. Mwajiri anayekata mkataba kila baada ya miezi mitatu ili "usizoeleke" aidha hakuisoma sheria hiyo au anategemea kwamba wewe hukuisoma.

Swali linalozua ubishi zaidi ni kama wewe ni mfanyakazi kabisa. Wapo wanaoitwa vibarua, wapo wanaosainishwa karatasi inayosema ni "watoa huduma". Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya 2004, inaangalia hali halisi. Inatoa orodha ya vigezo, na kimoja tu kikitimia unachukuliwa kuwa mfanyakazi mpaka ithibitishwe vinginevyo: mtu mwingine anakupangia namna ya kufanya kazi au saa za kuifanya, anakupa vifaa, unamtegemea kwa kipato, unamfanyia kazi yeye peke yake, na kadhalika. Kigezo kinachomgusa moja kwa moja mtu wa siku chache ni hiki: kama umemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita. Saa 45 kwa mwezi! Anayefanya siku mbili kwa wiki, saa sita kila siku, ameshazivuka. Kwa hiyo mstari wa sheria uko chini sana kuliko watu wanavyodhani, na jina lililoandikwa juu ya karatasi haliusogezi.

Sasa malipo. Likizo ni siku zisizopungua 84, au 100 kama umejifungua pacha au zaidi. Siku 84 ni wiki 12 za kalenda, na unacholipwa ni ujira ambao ungeupata katika wiki hizo kwa ratiba yako ya kawaida. Tuseme unalipwa shilingi 15,000 kwa siku na unakwenda siku tatu kwa wiki: ni 45,000 kwa wiki, mara 12, ni shilingi 540,000. Usidai siku 84 mara 15,000, utashindwa na utaonekana mtu wa tamaa. Ila pia usikubali "nusu ya likizo kwa sababu ya nusu ya kazi", maana muda wa kukaa nyumbani haupungui hata siku moja. Kinachofuata ratiba yako ni pesa peke yake. Anayelipwa kwa kipande, kwa mfano kwa idadi ya nguo alizoshona, hupigiwa wastani wa wiki 13 zilizotangulia.

Kuna mipaka yake. Likizo yenye malipo hutolewa mara moja katika mzunguko wa miezi 36, na mwajiri halazimiki kuzidisha likizo nne za namna hiyo kwa mfanyakazi mmoja. Wengi huhesabu miezi hiyo 36 kuanzia uzazi uliopita. Maandishi ya sheria yanahesabu tangu ulipoanza kazi kwa mwajiri huyo, kisha mzunguko mwingine unafuata. Ndiyo maana uzazi wa mwishoni mwa mwaka wa tatu na mwingine katika mwaka wa tano zinaweza kulipwa zote. Mtoto akifariki ndani ya mwaka mmoja tangu azaliwe, mama ana haki ya siku 84 nyingine ndani ya mzunguko huohuo. Mabadiliko ya sheria ya 2025 yaliongeza pia muda kwa mama aliyejifungua njiti.

Mwajiri ajulishwe angalau miezi mitatu kabla ya tarehe ya matarajio, kwa barua yenye cheti cha daktari. Hapa ndipo watu wa siku chache wanapojikwaa, kwa sababu mambo yao na bosi huenda kwa mdomo na kwa simu. Andika barua fupi, baki na nakala iliyosainiwa kupokelewa, na kama inashindikana tuma kwa ujumbe ambao hautafutika. Likizo inaweza kuanza wiki nne kabla ya kujifungua, au mapema zaidi daktari akisema hivyo, na baada ya kujifungua huruhusiwi kurudi kazini kabla ya wiki sita bila ridhaa ya daktari.

Kabla na baada ya likizo kuna ulinzi mwingine. Mjamzito hafanyishwi kazi ya usiku, yaani kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, katika miezi miwili ya mwisho, wala katika miezi miwili baada ya kujifungua. Kazi ya hatari kwake au kwa mtoto hapaswi kupewa. Ikiwezekana abadilishiwe, bila kupunguziwa maslahi. Akirudi, anarudi kwa masharti yaleyale, siku zake zilezile, na anapewa nafasi ya kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku.

Kuachishwa kwa sababu ya mimba si sababu halali, ingawa aliye chini ya miezi sita hawezi kutumia masharti ya uachishwaji usio halali. Kwake njia ni kudai ubaguzi, kwani ujauzito umetajwa wazi miongoni mwa misingi iliyokatazwa, hata kwa anayeomba kazi tu. Malalamiko hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA: ndani ya siku 30 kama umeachishwa, siku 60 kama ni malipo ya likizo au jambo lingine. Siku hizo hazisimami kwa kuwa umelala na mtoto mchanga, hivyo ukiona barua ya kukuachisha, mtume ndugu akachukue fomu namba moja ya CMA, ya kupeleka malalamiko, wiki hiyohiyo.