Swichi Nyuma ya Kabati: Umeme Unaoliwa na Tivii Iliyozimwa

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Usikae kwanza, anza na hiyo mita."

Hivyo ndivyo nilivyopokelewa mtaa wa Sakina, Jumamosi moja ya mwezi wa saba, katika baridi ile ya Arusha ambayo hadi saa nne asubuhi watu bado wana makoti. Nafundisha umeme wa majumbani katika chuo cha ufundi hapa mjini, na kazi hii ina ziada zake. Uniti za LUKU zikiisha mapema, mtuhumiwa wa kwanza ni mita, wa pili ni jirani aliyejiunganishia waya, kisha mimi ndiye ninayeitwa kuja kuamua kesi. Mama huyu alikuwa akinunua umeme wa shilingi 10,000, ambao bila makato ya kodi ya jengo huwa ni kama uniti 28, na haukuwa ukimaliza wiki mbili.

Nikamwomba azime kila kitu. Akazima taa, akazima tivii kwa rimoti, akazima sabufa kwa rimoti yake. Friji nikaizima mimi ukutani. Tukasimama mbele ya mita, yeye kajifunga khanga juu ya sweta, tukikitazama kile kitaa chekundu kinachomwekamweka. Kikawaka. Kikatulia. Zikapita dakika mbili na kidogo, kikawaka tena.

"Si nimezima kila kitu? Sasa huyu anayekula ni nani?"

Kitaa hicho ni shahidi mzuri, na watu wengi hawamtumii. Kwenye uso wa mita pameandikwa namba ikifuatiwa na imp/kWh. Kwa mita ya mama ilikuwa 1000, maana yake kitaa kikiwaka mara 1000 uniti moja imekwisha. Tulihesabu dakika 20, kikawaka mara tisa. Ukihesabu kwa dakika 20, zidisha kwa tatu upate wati: tisa mara tatu, wati 27. Kama mita yako imeandikwa 1600, jibu utakalopata ligawe kwa 1.6. Wenye mita iliyofungwa juu ya nguzo, na ndani wana kile kidude cha kuingizia namba tu, wanaweza kusoma salio la uniti, wakaacha kila kitu kimezimwa kwa masaa matatu, kisha wakasoma tena. Friji haitaharibu chakula kwa muda huo, ila mlango usifunguliwe.

Wati 27 ni kama balbu tatu za LED zinazowaka usiku na mchana, na hakuna anayeziona. Nilikuwa na kipimo cha kuchomeka kwenye soketi, nikapita kifaa kimoja kimoja. King'amuzi, wati 11. Sabufa, 8. Deki ya DVD ambayo mama hakumbuki mara ya mwisho iliwashwa lini, 4. Maikrowevu, 3, kwa ajili ya saa yake tu, ambayo nayo ilikuwa imepotea majira. Tivii yenyewe, iliyokuwa imeshukiwa kuliko wote, wati 1.

Rimoti haizimi kifaa, inakilaza. Ili tivii iweze kuamka ukibonyeza, kuna jicho dogo linalosubiri amri ya rimoti, na jicho hilo linataka umeme, na umeme huo unapitia kwenye saketi ya kupunguza volti ambayo nayo inapoteza kidogo kama joto. Ndiyo hali tunayoiita stendibai. Sabufa za zamani zina transfoma nzito ndani, na transfoma ikishaunganishwa na umeme inakula hata kama hakuna sauti inayotoka. Weka kiganja nyuma yake asubuhi kabla hujaiwasha. Ikiwa na uvuguvugu, basi usiku kucha ilikuwa mezani. King'amuzi ni kesi nyingine kabisa. Vingi havilali hata ukivizima kwa rimoti: kioo kinaonyesha saa badala ya namba ya chaneli, lakini ndani kazi inaendelea karibu kama kawaida.

Huko nje jambo hili lilishtukiwa zamani. Mwaka 1999 Shirika la Kimataifa la Nishati lilianza kuzihimiza nchi zifikishe stendibai kwenye wati moja kwa kifaa, wazo lililotoka kwa mtafiti Alan Meier wa maabara ya Lawrence Berkeley nchini Marekani. Umoja wa Ulaya ukaliweka kuwa sheria: kuanzia 2010, vifaa vingi vya nyumbani visizidi wati moja vikiwa vimelala, au mbili kama vinaonyesha saa au namba, kuanzia 2013 viwango hivyo vikakatwa nusu. Kwa sisi tunaonunua vifaa vya mtumba, tarehe hizo zina maana. Redio kubwa au kompyuta iliyotengenezwa kabla ya hapo inaweza kuwa nzima na bei yake nzuri, ila kula yake ya usingizini ni ya enzi nyingine.

Turudi Sakina, kwenye shilingi. Mama anaangalia tivii kama masaa matano kwa siku, kwa hiyo masaa 19 vitu hivi vimelala. Wati 27 kwa masaa 19, kwa siku 30, ni uniti 15 na kitu. Kwa bei anayonunulia ni zaidi ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Kwa aliye kundi la D1, lenye uniti zisizozidi 75 kwa mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi, fedha yenyewe ni ndogo, haifiki 2,000. Lakini uniti 15 ni moja ya tano ya mgawo wake, na akivuka 75 kila inayozidi ni shilingi 350. Hapo ndipo watu wanapoanza kusema mita ina mkosi.

Mama alinisikiliza hadi mwisho, akaniuliza swali ambalo vipeperushi vyetu huwa vinaliruka: "Sawa, nazimaje?"

Soketi zetu, hizi za pini tatu nene tulizorithi kwa Waingereza, nyingi zina swichi palepale ukutani. Ya mama nayo inayo, ila iko nyuma ya kabati la vyombo, lenye seti mbili za sahani za wageni. Kuifikia kunahitaji vijana wawili na maombi. Sikuona mtu mzembe pale, niliona swichi iliyowekwa pasipofikika. Miaka mingi tumewahimiza watu wazime ukutani, kumbe ukuta wenyewe hawauoni.

Dawa yake ilikuwa ekstensheni yenye swichi kubwa moja, pamoja na swichi ndogo kwa kila tundu. Tuliifunga kwa skrubu ubavuni mwa kabati, usawa wa kiwiko, upande ambao mama hupita akienda kulala. Tivii, king'amuzi na sabufa vikakaa humo, deki ikaondolewa. Kama una ruta ya intaneti ambayo watu wanaihitaji usiku, iwe kwenye soketi yake, la sivyo siku ya pili tu kijana atairudisha swichi juu na mpango umekufa. King'amuzi kikikatiwa umeme kinachukua dakika chache kuamka, na baadhi hupokea masahihisho ya programu zake usiku, kwa hiyo siku mojamoja ukiache na umeme. Mama anakiwasha kabla ya kuteleka chai, taarifa ya habari inamkuta tayari.

Zipo pia ekstensheni ambazo tivii ikizimwa zinakata vifaa vinavyoitegemea, na soketi za kuzimwa kwa simu. Za kwanza nazipenda. Za pili zinahitaji kukesha kwenye intaneti ili zipokee amri yako, zikila hadi wati moja hivi. Kifaa cha wati moja ukikiwekea mlinzi wa namna hiyo, mlinzi anakula sawa na mwizi.

Ekstensheni ya tivii isichomekwe pasi, birika wala jiko la wali. Nyingi za bei rahisi zina waya mwembamba kuliko maandishi yake yanavyodai, na plagi ikianza kubadilika rangi, itupe. Swichi hii ina faida nyingine, ambayo kwa maoni yangu inazidi hata uniti: umeme ukikatika na kurudi, mara nyingi hurudi kwa kishindo, na tivii iliyolazwa kwa rimoti inakipokea chote. Iliyozimwa kwa swichi imepona. Ila kwa radi ya masika usiitegemee swichi, kwa kuwa nyingi zinakata waya mmoja tu. Chomoa plagi, na waya wa dishi pia.

Sasa niwatetee watoto. Chaja ya simu ya siku hizi, ikiachwa ukutani bila simu, kwa kawaida haifiki hata robo wati. Kwa mwezi mzima ni kama shilingi 50 au 60. Nimeona wazazi wanagombeza kwa ajili ya chaja huku swichi ya tangi la maji ya moto, ile yenye taa nyekundu nje ya bafu, imewaka tangu alfajiri. Tangi likiachwa linajipasha upya kila maji yanapopoa, na katika baridi yetu linaweza kupoteza uniti nzima au zaidi kwa siku bila mtu kuoga. Washa nusu saa au saa moja kabla ya kuoga, kutegemea ukubwa wa tangi, kisha zima. Swichi hiyo angalau iko machoni.

Wiki mbili baadaye mama alinipigia. Alikuwa amezima friji na vingine vyote, amevuta kiti mbele ya mita.

"Mwanangu, nimekaa hapa dakika ishirini. Kimewaka mara moja tu. Huyu naye ni nani?"

Nikapiga hesabu: wati tatu. "Hiyo ni saa ya maikrowevu, mama."

"Hii isiyosema kweli?"

Nikasikia kandambili zikielekea jikoni, kisha swichi: tik.