Rola haiwezi kunyoosha cheni

"Fundi, cheni ya injini niliyofunga kwenye baiskeli inaruka, hebu pinda rola kidogo." Hapana. Rola ya kukazia cheni kazi yake ni kuondoa ulegevu, basi. Ukiipinda ili ifuate cheni iliyokwenda upande, cheni inaisukuma kila mzunguko, klampu yake inateleza kwenye bomba la fremu, na rola inaingia kwenye spoki. Gurudumu la nyuma linakwama ghafla ukiwa kwenye mwendo. Watu wanaumia hivyo, na ushauri huu bado unasambazwa!

Cheni hunyooka pale sproketi mbili (magurudumu ya meno, moja kwenye injini, moja kwenye gurudumu la nyuma) zinapokaa kwenye mstari mmoja. Kwa hiyo ondoa rola na cheni, pindua baiskeli, na uhakikishe rimu yenyewe haiyumbi. Funga waya kwenye fremu, ncha yake ikaribie meno ya sproketi ya nyuma bila kuyagusa, kisha zungusha gurudumu taratibu. Kwenye injini za kit za 66cc (seti za kufunga kwenye baiskeli ya kawaida), sproketi ya meno 44 kwa kawaida hushikwa kwenye spoki kwa bolti 9 na mipira miwili (visahani vya mpira vinavyobana spoki). Inapotokeza nje, kaza bolti za hapo robo mzunguko, inapozama, legeza. Ikipanda na kushuka, tundu lake halijakaa katikati ya habu: legeza bolti zote, isogeze, ukaze tena kwa kuvuka upande hadi upande. Usiondoke hapo mpaka myumbo ubaki kama milimita 1.

Ndipo uegemeze rula ndefu ubavuni mwa meno ya nyuma, uielekeze kwenye sproketi ndogo ya injini. Zikipishana sana, geuza sproketi ya nyuma uso wa pili, kwani nyingi zina mbonyeo. Tofauti ndogo iliyobaki imalize kwa kulegeza vishikio vya injini na kuisogeza. Rudisha cheni, bana klachi, zungusha gurudumu kwa mkono bila rola. Cheni isipopanda juu ya meno, funga rola katikati kabisa ya njia yake.

"Cheni ikazwe sana, haitatoka." Itaua beringi za injini na kuvuta ekseli upande. Iache icheze milimita 12 hadi 20, ukipima pale inapokaza zaidi.

"Nunua cheni mpya." Pima kwanza: pingili 24 za cheni ya 415 (saizi ya cheni ya injini hizi) ni milimita 304.8. Zikifika 308, ibadilishe, na kama meno yamekuwa kama ndoano, badilisha na sproketi. Cheni mpya kwenye meno mabovu ni hela ya bure.

"Paka grisi, kelele itaisha." Grisi hunasa mchanga. Tumia oili, kisha ufute.

Klipu ya loki (inayofunga kiungo cha cheni) ifungwe upande usio na mwanya ukitangulia kule cheni inakoelekea. Na baada ya safari za kwanza rudi kwenye zile bolti 9, kwa sababu mipira mipya hubonyea na zote hulegea.