Mosi ya Kihispania: dhana zinazoua mmea huu, na ukweli wake

Mmea wa kijivu unaoning'inia kama ndevu za mzee siku hizi unapendwa sana kwenye vibaraza na mabafu. Unauzwa kwa jina la mosi ya Kihispania (Spanish moss), na jina hilo lenyewe ndilo linaloanza kuwapotosha watu. Si mosi, yaani ile mimea midogo ya kijani inayotanda kama zulia penye unyevu, na haukutoka Hispania. Wataalamu wanauita Tillandsia usneoides, na ni wa ukoo mmoja na nanasi. Kwao ni Amerika, kuanzia kusini-mashariki mwa Marekani hadi Argentina. Mosi haitoi maua. Mmea huu hutoa, tena madogo ya kijani-manjano ambayo harufu yake huzidi jioni.

"Hata Kilimanjaro upo"

Waliopanda mlima kwa njia ya Machame au Marangu wameona ndevu za kijivu zikining'inia kwenye miti, wakasema ndio huu. Sio. Zile ni Usnea, yaani kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja. Kuzitofautisha ni rahisi: vuta uzi mmoja taratibu mpaka gamba la nje liachie. Usnea ina kamba nyeupe katikati inayonyumbuka kidogo. Tillandsia ina uzi mweusi, mgumu kama unywele wa farasi. Na tafadhali usizichume kule juu: ni hifadhi ya taifa, na kiumbe aliyezoea ukungu na baridi ya mlimani hatastahimili joto la sebule ya Dar es Salaam.

"Unanyonya mti mpaka unakauka"

Hili limesababisha miti mingi kuparuliwa bure. Mmea huu hauna mizizi ya kunyonya. Umejishikiza tu, na chakula chake ni vumbi na madini yanayokuja na mvua, pamoja na yale yanayooshwa kutoka kwenye majani ya mti. Watu huuona umejaa kwenye mwaloni unaokufa, wakadhani ndio umeuua. Kisa chenyewe ni kinyume: mti unaodhoofika hupukutisha majani, mwanga unaongezeka matawini, na mmea unanawiri. Madhara yake ya kweli ni kivuli, na uzito wake ukilowa, ambao unaweza kuvunja tawi lililokwisha kuchoka.

"Unaishi kwa hewa, hauhitaji maji"

Kama ningeruhusiwa kufuta dhana moja tu, ningefuta hii, kwa sababu ndiyo inayoua zaidi. Mwili mzima wa mmea umefunikwa na magamba madogo sana, na hayo ndiyo yanayokunywa. Yakiwa makavu husimama na kurudisha mwanga, ndiyo maana unaonekana wa kijivu. Yakilowa hulala na kuwa angavu, na kijani cha chini yake kikaonekana. Nyunyizia uzi mmoja ukiwa dirishani utaona rangi inabadilika machoni pako. Hapo huhitaji tena ratiba ya mtu: ukiona umebaki wa kijivu na nyuzi zimeanza kujikunja, una kiu. Kwenye chumba chenye kiyoyozi kiu huja upesi sana.

Mwagilia asubuhi. Mmea huu hufungua vitundu vyake vya hewa usiku, na ukilala umelowa unashindwa kuvuta hewa. Maji ya mvua ndiyo bora. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi wetu wa pwani tunayo, huacha ukoko kwenye magamba na kuyaziba.

"Ukishika vumbi, uoshe kwa sabuni"

Usifanye hivyo. Sabuni huharibu yale yale magamba. Utoe nje, ukung'ute kwa nguvu ili majani makavu na wadudu waanguke, kisha uufumue kwa vidole. Katikati ya fungu utakuta nyuzi za kahawia zilizokufa kwa kukosa mwanga na hewa, zitoe zote. Zamisha uliobaki kwenye beseni la maji safi kwa dakika 20 hadi 30, ukiuchezesha maji yapite kila mahali. Ukung'ute tena na uuanike penye upepo na kivuli, uwe umekauka ndani ya saa chache. Ukiurudisha ukutani, utandaze mwembamba. Fungu nene hupendeza kwenye picha, lakini ndani linaoza.

Wapo wanaouchemsha ili kuua utitiri. Kwa nyuzi zilizokufa za kutengenezea mapambo, sawa. Mmea hai utakufa. Isitoshe, utitiri unaosemwa kuishi kwenye mmea huu huko Marekani hukaa zaidi chini kwenye majani, kwa hiyo wa kuogopa ni mmea uliookotwa ardhini.

"Una madoa meusi, upige dawa ya kuvu"

Baadhi ya dawa za kuvu zinazouzwa kwenye maduka yetu ya kilimo, zikiwemo za nyanya na kahawa, zina kopa, yaani madini ya shaba. Kopa ni sumu kwa mmea huu, hata ikiwa kidogo. Usiufunge kwa waya wa shaba pia. Tumia uzi wa kushonea au uuning'inize tu. Mbolea iwe isiyo na kopa, iliyozimuliwa hadi robo ya kipimo, mara moja kwa mwezi inatosha.

"Wa kwenye pakiti utafufuka ukilowekwa"

Hautafufuka. Ule umekaushwa na mara nyingi umetiwa rangi. Zamani kusini mwa Marekani watu walikuwa wakiozesha gamba la nje makusudi ili wabaki na uzi mweusi wa kujazia magodoro na viti. Kabla ya kulipa, kwaruza uzi mmoja kwa ukucha na uutie tone la maji. Ukiona kijani kibichi chini ya gamba, bado unaishi.