Je, wajua kwa nini magari ya rally huingia kona kiubavu?

Video ya Safari Rally ikifunguliwa kwenye simu, kijiwe cha mafundi Dar es Salaam hakikosi wa kusema: "Huyu anauza sura. Angenyoosha gari angewahi." Msemaji huwa mpenzi wa Formula 1, na kwa lami yuko sahihi. Kwenye lami kavu, gari likiserereka muda unapotea na tairi linaungua. Ndiyo maana mashindano ya drifti, yale ya kuserereshа gari makusudi, huamuliwa na majaji, si saa. Tatizo ni kupeleka hesabu ya lami kwenye vumbi.

Kwanza, hakuna tairi linalokata kona bila kuteleza hata kidogo. Hata Vitz ikikata kona taratibu, tairi zake zinaelekea upande mmoja na gari linakwenda upande uliopishana nao kidogo sana. Kupishana huko ndiko kunakozaa nguvu ya kuvuta gari ndani ya kona. Kwenye lami kavu nguvu hiyo hufika kilele pembe ya kupishana ikiwa ndogo, nyuzi 5 hadi 10 hivi kwa tairi la kawaida. Ukizidisha, inashuka.

Kwenye changarawe mpira hauna cha kung'ang'ania, maana mawe yenyewe yanatembea. Kimbia kwenye mchanga wa Coco Beach, kisha kata ghafla kushoto. Mguu wa kulia ukiutua umenyooka, unapitiliza. Ukiutua kiubavu, unachimba, mchanga unajikusanya pembeni mwa wayo, na kwenye kituta hicho ndipo unapojisukumia. Tairi nalo ni hivyohivyo: kashata, yaani vinundu vya mpira vya tairi, zinachimba, kokoto zinarundikana ubavuni, rundo linasukuma gari ndani. Kilele kinakuja pembe ikiwa kubwa zaidi, na hakiporomoki ghafla. Utamu wa vumbi uko hapo: gari linakuonya mapema, mwendo ukiwa bado mdogo, nawe una muda wa kurudisha usukani.

Tena pua ikishatazama kona inakoishia, dereva anakanyaga mafuta mapema. Kwa gari la kusukumwa na magurudumu ya nyuma, kama Peugeot 404 aliyoshinda nayo Bert Shankland wa Tanzania Safari ya 1966 na ya 1967, mafuta yenyewe husaidia kuligeuza.

Si kila vumbi, lakini. Barabara iliyoshindiliwa ikawa ngumu kama sakafu haina kokoto za kurundika. Hapo anayenyoosha ndiye anayewahi.

Breki nazo zimo. Mwaka 1999 NHTSA, mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, ilitoa vipimo vilivyoonyesha kuwa kwenye changarawe ABS, mfumo wa breki unaozuia magurudumu kuacha kuzunguka, iliongeza umbali wa kusimama kwa wastani wa asilimia 27 hivi. Gurudumu lililofunga, yaani lililoacha kuzunguka, hurundika kokoto mbele yake, na ABS haiachi gurudumu lifunge. Ila kabla hujachomoa fyuzi ya ABS kwenye IST yako ukaelekea Kigamboni, kumbuka: gurudumu lililofunga halisikii usukani.