Sonona Baada ya Kujifungua: Maswali na Majibu

Kulialia siku za mwanzo baada ya kujifungua ni ugonjwa?
Hapana. Machozi ya ghafla na hasira huanza kama siku ya 3, na huisha yenyewe ndani ya wiki 2.

Sonona ni ipi, basi?
Ni huzuni au kukosa hamu ya chochote, karibu kutwa nzima, kwa wiki 2 au zaidi. Yaweza kuanza mama akiwa bado mjamzito, au baadaye katika mwaka wa kwanza wa mtoto. Muangalieni usiku: mtoto kalala, nyumba imetulia, mama bado macho. Mtu aliyechoka tu angelala.

Si atazoea? Mama zetu walilea wengi.
Hatazoea. Wengi tunaowapokea wakiwa hoi walikwisha sema nyumbani, wakajibiwa, "Mshukuru Mungu, una mtoto mzima." Tafadhali acheni jibu hilo, linamfunga mama mdomo, naye anazidi kuumwa. Msingoje mtoto akue. Wiki 2 zikipita, mpelekeni kliniki.

Huko watamfanyia nini?
Ataulizwa maswali mafupi kuhusu hali yake, likiwemo la kutaka kujidhuru. Asifiche. Huenda pia akapimwa wingi wa damu na tezi ya shingo, kwani kasoro hapo huleta uchovu unaofanana na sonona. Tiba ni ushauri nasaha, na dawa ikibidi.

Akitumia dawa aache kunyonyesha?
Mara nyingi hapana. Sertralini, kwa mfano, huingia kwenye maziwa kidogo sana. Nafuu huchukua wiki kadhaa, na hapo ndipo wengi hukosea: wakijisikia vizuri wanaitupa, ugonjwa unarudi. Kwa kawaida dawa huendelea angalau miezi 6 baada ya kupona, na huachishwa polepole na daktari.

Mume na ndugu wasaidieje?
Kwanza usingizi. Mtoto akishanyonya, mchukueni, mbadilisheni nepi, mbembelezeni chumba kingine, mama alale kwa muda wa saa 4 au 5 bila kuamshwa. "Ukihitaji kitu niambie" haitoshi. Mgonjwa hana nguvu ya kuwapangia kazi. Osheni vyombo bila kuulizia.

Dharura ni ipi?
Anasikia sauti, anashuku kila mtu, halali kabisa na bado anahangaika huku na huko, au anasema afadhali yeye au mtoto afe. Hospitali, leo hii, na asiachwe peke yake na mtoto hata dakika moja. Msianze kwa kutafuta mapepo. Wanaotaka kumwombea wamwombee akiwa wodini.