Sange si panya

Juzi tena. Tuko kwenye njia ya msituni Amani, wilayani Muheza, majani makavu yakachakarika, sange, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, akakatiza mbio mbele yetu. Mgeni wangu, mzaliwa wa Tanga mjini, akashangaa: "Kaka, panya wa huku wakubwa hivi!" Nimechoka kulijibu hili kwa mdomo, acha niliandike.

Tazama meno. Panya ana meno ya mbele mawili juu na mawili chini, hayaachi kukua, ndiyo maana hutafuna hata mlango. Sange wetu wa Usambara, mwekundu mbele na mweusi nyuma, meno ya mbele ya juu hana, au yamebaki vijino visivyofaa kitu. Atafunaje muhindi? Chakula chake ni mchwa, buibui, mende na jongoo, anawafukua kwa pua chini ya majani na kuwazoa kwa ulimi. Anayemtegea kamba pembezoni mwa shamba anaua asiyemwibia.

Nikieleza kwamba ndugu zake ni tembo, nguva, pimbi na muhanga, watu hudakia: "Eeh, ana mkonga!" Hapana jamani. Undugu huo ulithibitishwa na vinasaba. Pimbi ana mkonga gani? Pua ndefu kila mmoja aliipata kivyake.

Kuna jambo moja vitabu hulipitia haraka. Dume na jike hushika eneo moja. Akiingia dume mgeni, dume mwenyeji humfukuza, jike naye hushughulika na jike mwenzake. Wataalamu huita hiyo ndoa ya mume mmoja na mke mmoja. Neno hilo linanitia shaka. Mchana kutwa kila mmoja hutafuta chakula chake peke yake, usiku kila mmoja hulala kwenye kiota chake. Mimi naona majirani wanaolinda mpaka mmoja.

Kiota chenyewe ni kishimo kifupi kilichofunikwa majani, ukikitazama utadhani upepo umeyakusanya. Mtoto hukaa humo siku zake za mwanzo, mama akiwa matembezini. Kwa hiyo ukija Amani, njoo alfajiri, simama kimya usikilize mkia ukipiga majani, na rundo lolote la majani chini ya mti ulizunguke.