Kwa nini sehemu mpya ya riwaya ndefu huwagombanisha wale wale walioingoja?

Desemba 2024 kilitoka kitabu cha tano cha Stormlight Archive, mfululizo wa riwaya za kimajabu wa Mmarekani Brandon Sanderson. Kina kurasa zaidi ya 1,300, na mbio zote hizo ni za kusimulia siku kumi tu. Mombasa wanaofuata riwaya za namna hii si wengi, lakini wapo, na ukiwakuta barazani Kibokoni baada ya Isha, vikombe vya kahawa chungu mikononi, utadhani kila mmoja kasoma kitabu chake. Huyu anaapa kuwa hakijapata kuandikwa kitabu kama hicho. Mwenzake anamkata: "Bwana, we sema tu. Watu wa mapanga na deraya wanaongea kama wako kwa mshauri nasaha!" Malalamiko hayo ya lugha ya kisasa mno, na ya unene wa kitabu, yametolewa na wasomaji wa nchi nyingi, na sifa nazo zimemiminwa kwa wingi ule ule.

Wawili hao wameanza pamoja kitabu cha kwanza, na hakuna anayeuchukia mfululizo. Sasa ugomvi unatoka wapi?

Unatoka kwenye kukosekana kwa mwisho. Sehemu ya tano ya hadithi yenye sehemu kumi (ndiyo idadi aliyoipanga Sanderson) haiwezi kupimwa yenyewe kama yenyewe, kwa sababu hakuna ajuaye inaelekea wapi. Kwa hiyo kila msomaji huipima kwa mwisho aliojitungia mwenyewe moyoni wakati akingoja. Mwandishi ana njia moja, wasomaji wana maelfu.

Watu wa pwani si wageni wa hadithi ndefu zenye majabu. Utenzi wa Rasi 'lGhuli una beti zaidi ya 4,000, na ndani yake mna vita na mambo ya kustaajabisha ya kumshinda yeyote anayeandika leo. Chuo cha Herekali, kilichotungwa Pate mwaka 1728, ni kirefu vilevile. Tenzi hizi zilisomwa kwa sauti mbele ya watu, na waliokaa kusikiliza walijua tangu beti la kwanza ni nani atakayeshinda. Hakukuwa na la kubishania hapo. Ubishi, kama ulikuwapo, ulikuwa wa vina, wa mizani, na wa sauti ya msomaji: huyu kaghani vizuri, yule kaharakisha. Riwaya ya mfululizo imeugeuza mpango huo. Mwisho umefichwa, na katikati hapo mtu hukaa miaka.

Hiyo miaka ndiyo jambo lenyewe hasa. Chukua The Wheel of Time, mfululizo mwingine wa kimajabu, wa Robert Jordan, ulioanza mwaka 1990. Kitabu cha tisa, cha mwaka 2000, kinaishia na tukio kubwa mno: nusu ya nguvu ya uchawi iliyokuwa imechafuliwa tangu kale inasafishwa. Watu wakakifunga mioyo ikiwadunda. Wakangoja zaidi ya miaka miwili. Januari 2003 kikaja cha kumi, na badala ya kusonga mbele, sehemu kubwa yake inarudi nyuma kuonyesha wahusika wengine walikuwa wapi na wakifanya nini siku ile ile ya tukio. Mamia ya kurasa, na wakati wa hadithi haujasogea. Walioingoja walikasirika kwelikweli, na mpaka leo kitabu hicho hutajwa kuwa ndicho kilicholegea kuliko vyote katika mfululizo huo.

Lakini anayeanza leo hukimaliza Jumapili, Jumatatu akafungua cha kumi na moja. Kwake hicho ni kituo kidogo cha kupumzika. Kurasa ni zile zile, hakuna herufi iliyobadilika. Kilichobadilika ni kwamba huyu hakulipa miaka miwili kuzipata.

Kisa cha George R. R. Martin ni kikali zaidi. Mwaka 2005, baada ya miaka mitano ya kimya, alitoa kitabu cha nne cha A Song of Ice and Fire, na wasomaji wakageuza kurasa wakizitafuta sura za wahusika wakuu Jon Snow, Daenerys na Tyrion bila kuziona. Hazimo. Hadithi ilikuwa imenenepa kupita jalada moja, naye akaamua kuigawa kwa wahusika na mahali: hawa kitabu hiki, wale kingine. Mwishoni aliweka maelezo mafupi akitumaini kwamba kitabu cha wenzao kingetoka mwaka unaofuata. Kilitoka 2011.

Mtu aliyekaa miaka sita na tumaini la mwaka mmoja hawezi kusoma kwa moyo mweupe, na mimi simlaumu. Ila siku hizi wapo wanaosoma vitabu hivyo viwili kwa kuvichanganya, sura ya hiki, sura ya kile, kwa kufuata mpangilio uliotungwa na wasomaji wenyewe. Kwa njia hiyo malalamiko makubwa ya 2005 yanayeyuka, maana Tyrion anatokea sura chache mbele. Kitabu kilichopokewa kwa nuno leo kina watetezi wake, na wengine hukiweka juu ya vyote.

Kwa nini waandishi hujitia kwenye mtego huo? Mara nyingi ni hesabu tu. Martin alikuwa amekusudia vitabu vitatu. Kisha akapanga kuiruka miaka mitano katikati ya hadithi ili watoto wakue, akaona haiwezekani, akaacha. Kila mhusika anayeongezwa anadai sura zake, kila safari inataka mji wa kufikia, kila mji una watu wake, na hao nao wana visasi vyao. Ukifika kitabu cha nne au cha tano una watu ishirini waliotawanyika pande zote, na lazima watembezwe hadi wakutane. Kutembeza watu ni kazi ngumu, tena haina utamu wa vita. Wapo wanaopenda mwendo huo wa pole, wakae na wahusika kama jamaa. Wengine wanataka wafike. Hapo hakuna mwenye kosa.

Kuna na hili la umri. Kitabu cha kwanza cha Stormlight Archive kilitoka 2010. Aliyekisoma akiwa kidato cha pili, kitabu cha tano kimemkuta ana mke, ana kodi ya nyumba, na anavuka feri ya Likoni kila alfajiri kwenda kazini. Kilichomtoa machozi uwanjani mwa vita akiwa na miaka kumi na mitano hakimtoi tena, na yeye husema kitabu kimeharibika. Huenda kweli. Huenda pia mwandishi naye amekua, akaacha mapanga akaanza kushughulika na majonzi na maradhi ya nafsi, mambo ambayo msomaji mwingine aliyapitia na akashukuru kuyaona yameandikwa.

Tena kumbuka ni nani anayefika kitabu cha tano. Asiyevutiwa aliacha cha kwanza, hanunui kurasa 1,300 ili aje alalamike. Waliobaki ni wapenzi, na mpenzi ndiye mwenye uchungu. Ndiyo maana kelele za mashabiki huwa na ukali ambao mpita njia hauelewi.

Mwandishi akifa ugomvi hubadilika sura. Jordan alifariki Septemba 2007, na Sanderson huyo huyo akaumalizia mfululizo kwa maandishi aliyoyaacha marehemu, vitabu vitatu, cha mwisho 2013. Wengi walishukuru tu kupata mwisho. Lakini Mat, mhusika mcheza kamari mwenye mzaha mkavu, akaanza kupiga mizaha isiyofanana naye, na wasomaji wakaligundua hilo siku hiyo hiyo. Sanderson mwenyewe amekiri kwamba mwanzoni hakumpatia sawasawa. Msomaji aliyekaa na mtu huyo kwenye vitabu kumi na kimoja anaijua sauti yake kuliko aliyerithi kalamu.

Na Mombasa kuna namna nyingine ya kuingia hadithini. Kwa wauza vitabu vya mitumba utapata juzuu ya tatu bila ya kwanza, ukaichukua kwa sababu jalada lina joka, ukaanzia hapo. Wengine hawakuanza na kitabu kabisa. Walipakiwa msimu mzima wa Game of Thrones, tamthilia ya televisheni iliyotokana na vitabu vya Martin, kwenye flashi katika kibanda cha filamu. Tamthilia hiyo ilimpita mwandishi wa vitabu mbio, ikafika mwisho mwaka 2019, na mwisho wake ukawaudhi wengi. Sasa wanaomngoja Martin atoe kitabu kinachofuata wamegawanyika hata kabla ya kitabu kuwapo: kuna wanaotaka afuate njia ile ile lakini aeleze vizuri zaidi, na kuna wanaosema akithubutu kumpa Bran kiti cha enzi kama tamthilia ilivyofanya, hawanunui.